PARI/GP: programu ya bure ya kuchambua namba kubwa bila kupoteza hata tarakimu moja

Kama unafundisha hisabati, au nyumbani kwako kuna mtoto anayependa namba, na una kompyuta hata ya zamani, pakua PARI/GP. Natanguliza uamuzi wangu ili mwenye haraka asisubiri. Ni ya bure, haina matangazo, haikuombi namba ya simu wala barua pepe, na ikishaingia kwenye mashine haihitaji bando. Kazi yake kubwa ni nadharia ya namba: kutafuta vigawo tasa, kupima kama namba ni tasa, kuhesabu vigawo vyote, kufanya hesabu za baki. Inafanya hayo kwa namba za tarakimu ishirini, arobaini, mia na zaidi, tena kwa usahihi kamili.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, Muheza mkoani Tanga. Naitumia zaidi kwenye klabu ya hisabati baada ya vipindi, kompyuta mpakato moja ikiwa imeunganishwa na projekta umeme ukiwepo, na usipokuwepo wanafunzi wanasogea wote mbele ya kioo. Programu yenyewe ilianzia Chuo Kikuu cha Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1985, kwenye kikundi cha Henri Cohen, na siku hizi inasimamiwa na Karim Belabas. Ni programu huria, kwa hiyo yeyote anaruhusiwa kuinakili na kumgawia mwenzake. Kwangu hilo ni jambo zito, maana naiweka kwenye flashi na kuipeleka shule yoyote jirani bila kumwomba mtu ruhusa.

Niseme kwanza kwa nini kikokotoo cha kawaida hakitoshi. Chukua 2^67−1, yaani 2 ikizidishwa yenyewe mara 67 kisha ukatoa moja. Vikokotoo vingi vya simu vitakupa kitu kama 1.4757E20, na hapo tarakimu za mwisho zimekwisha potea. Programu ya majedwali tunayotumia kutengenezea orodha za alama inashika tarakimu 15 tu, inaandika 147573952589676000000. Hiyo ni namba shufwa, inagawanyika kwa 2, kwa 5, kwa 1,000. Namba halisi ni 147573952589676412927, ni witiri, na haigawanyiki kwa lolote kati ya hayo.

Katika fizikia jibu la karibu linafaa. Katika nadharia ya namba "karibu" haina kazi kabisa. Namba yetu ina vigawo vinne tu. Iongezee moja upate 2^67, na sasa ina vigawo 68, na kigawo tasa chake ni kimoja tu, 2. Namba mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu, hazifanani kwa lolote. Ndiyo maana chombo kinachokadiria hakiwezi kufundishia somo hili, na ndiyo maana naipenda hii programu kwa dhati.

Ukiifungua unaona dirisha tupu lenye alama ya kuuliza. Hakuna vitufe vya kubofya. Unaandika swali, unabonyeza Enter:

? factor(2^67-1)
%1 =
[   193707721 1]

[761838257287 1]

Safu ya kushoto ni vigawo tasa, ya kulia ni kipeo cha kila kimoja. Kwa hiyo 147573952589676412927 = 193707721 × 761838257287. Jibu linatoka papo hapo, hata kwenye mashine yetu iliyochoka.

Siwaonyeshi wanafunzi jibu hilo kabla hawajajua historia yake. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya vipeo ambavyo aliamini vinaleta namba tasa za namna hii, na 67 ilikuwemo. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2^67−1 si tasa, lakini njia yake haikutoa kigawo hata kimoja. Ilijulikana kwamba namba inavunjika, haikujulikana inavunjikia wapi. Vigawo vilionyeshwa na Frank Nelson Cole mwaka 1903, kwenye mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani mjini New York. Inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni, akakokotoa 2^67 kwa mkono, akatoa moja, akahamia upande wa pili, akazizidisha zile namba mbili, majibu yakalingana, akarudi kukaa bila kutamka neno, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Inasemekana kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu.

Baada ya hapo ndipo tunaigusa kompyuta, na programu inaonyesha thamani yake kwenye maswali yanayofuata lile la kwanza. Kwa mfano, kuna kanuni kwamba kigawo tasa chochote cha 2^67−1 lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 134, yaani mara mbili ya 67, na kibakize 1 au 7 ukikigawa kwa 8. Alama ya % inatoa baki:

? 193707721 % 134
%2 = 1
? 761838257287 % 134
%3 = 1
? [193707721 % 8, 761838257287 % 8]
%4 = [1, 7]

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alitaka kujua kigawo kile kidogo ni cha ngapi kwenye mstari wa namba za 134k+1. Aliandika (193707721-1)/134, ikatoka 1445580. Kwa hiyo hata ukiwa na kanuni hiyo mkononi, ukianza k=1 na kwenda moja moja, unapita zaidi ya milioni moja na laki nne kabla ya kukifikia. Darasa zima lilimheshimu Cole upya, na mimi pia. Vikundi vilichukua karatasi, vikazidisha zile namba mbili kwa mkono, kisha vikapima kwa kujumlisha tarakimu: 193707721 inatoa 37, ukiigawa kwa 9 inabaki 1. 761838257287 inatoa 64, inabaki 1. Jibu lao likitoa 109, linabakiza 1 pia, limepita kipimo. Lisipopita, kuna mahali wamekosea kubeba.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni hii. Programu ina amri ya numdiv inayohesabu vigawo, sigma inayovijumlisha, na eulerphi inayohesabu namba kuanzia 1 hadi namba yako ambazo hazina kigawo cha shirika nayo zaidi ya 1.

? n = 2^67-1;
? numdiv(n)
%6 = 4
? sigma(n)
%7 = 147573953351708377936
? eulerphi(n)
%8 = 147573951827644447920

Vigawo vinne, yaani 1, n yenyewe, na vile viwili vya Cole. Basi ukichukua sigma, ukatoa n, ukatoa 1, kinachobaki ni jumla ya vile viwili: 762031965008. Sasa unajua jumla ya namba mbili na zao lao. Mwanafunzi aliyesoma milinganyo ya kipeo cha pili anajua cha kufanya: x² − 762031965008x + n = 0. Tunaandika sqrtint(762031965008^2 - 4*n) kupata kipeuo cha pili, inatoka 761644549566, ambayo ni tofauti ya namba mbili. Toa tofauti kwenye jumla, gawa kwa 2: 193707721. Kigawo kimetoka kwa mlinganyo ule ule ambao kitabuni una x² − 5x + 6 = 0. Niliona sura za vijana siku hiyo. Mlinganyo waliokuwa wakiukariri kwa ajili ya mtihani umefungua namba ya tarakimu 21, na umeifungua mbele yao.

Hapo hapo unaweza kuwaeleza usalama wa tovuti bila kuwapeleka mbali. Mfumo wa RSA, unaotumika kuficha taarifa mtandaoni, unatangaza hadharani zao la namba tasa mbili kubwa na kuzificha zenyewe. Atakayepata eulerphi ya zao hilo ataitoa kwenye zao, ataongeza 1 na kupata jumla ya zile mbili, kisha atafuata njia tuliyopita sisi na kuvipata vigawo. Usalama wote unategemea kwamba hakuna ajuaye njia ya haraka ya kuipata kwa namba kubwa za kutosha.

Kipimo cha Fermat nacho kinaonekana vizuri humu. Kanuni inasema p ikiwa tasa, na a haigawanyiki kwa p, basi a^(p−1) inabakiza 1 ukiigawa kwa p. Je, namba inayobakiza 1 ni tasa lazima? Jaribu na n yetu (Mod inaiambia programu ifanye hesabu kwa baki za kugawa kwa n):

? Mod(2,n)^(n-1)
%10 = Mod(1, 147573952589676412927)

Imebakiza 1, na tunajua fika si tasa. Sababu yake inaelezeka ubaoni: 2^67 inabakiza 1 kwa n, na n−1 inagawanyika kwa 67. Weka 3 badala ya 2 na ulaghai unaanguka, haibakizi 1 tena. Kitabu kitakwambia kipimo cha Fermat kinaweza kudanganywa. Humu mwanafunzi anaikamata namba yenyewe ikidanganya, kisha anatafuta swali la kuiumbua.

Kwa namba za Mersenne, yaani za umbo la 2^p−1, kuna kipimo kisichodanganyika, cha Lucas na Lehmer, na kinaingia kwenye mstari mmoja. Unaanza na 4, kila mara unaipandisha kipeo cha pili na kutoa 2, ukibaki na baki tu ya kugawa kwa namba unayoipima. Kwa 2^127−1 unarudia mara 125:

? s = Mod(4, 2^127-1); for(i=1, 125, s = s^2-2); s == 0
%11 = 1

Moja maana yake ndiyo, namba ni tasa. 170141183460469231731687303715884105727, tarakimu 39. Lucas aliithibitisha mwaka huo huo wa 1876, na hadi 1951 hakuna aliyepata tasa kubwa zaidi yake. Weka 67 na kurudia mara 65, unapata 0, hapana. Weka 61 na mara 59, unapata 1. Hiyo ya 61 huwa naisimamia kidogo, kwa sababu Mersenne hakuiweka kwenye orodha yake, na aliyeithibitisha mwaka 1883 ni Ivan Pervushin, padri aliyehudumu vijijini Urusi, mbali na vyuo vikuu. Wanafunzi wangu wanastahili kujua kwamba hisabati ya ngazi hiyo imewahi kufanyika kijijini.

Sasa upande wa pili. Maelezo yote ya programu ni kwa Kiingereza. Ukiandika ?factor inakuletea maelezo mafupi, nayo ni Kiingereza cha wanahisabati. Mwalimu atayamudu, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hatayamudu bila msaada. Pia haionyeshi hatua. Inakupa jibu, basi. Anayetaka kuona mti wa vigawo ukishuka tawi kwa tawi hataupata humu, na mimi nashauri kabisa wanaoanza kujifunza KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) waendelee na karatasi kwanza.

Kuna jambo la koma ambalo lazima nilitaje, maana linaweza kuleta jibu baya bila onyo. Sisi tumezoea kutenga maelfu kwa koma. Humu koma inatenga vitu unavyoipa amri moja. Ukiandika factor(147,573) ukidhani umeuliza kuhusu laki moja na elfu arobaini na saba na ushee, programu inasoma namba 147, na 573 inaichukua kama ukomo wa utafutaji. Inakupa 3 na 7², ambavyo ni vigawo vya 147. Jibu la 147573 ni 3² × 19 × 863. Wafundishe siku ya kwanza: tarakimu ziandikwe zimeshikana.

Halafu kuna mipaka ambayo inatokana na namba zenyewe. Kuuliza kama namba ni tasa ni rahisi hata ikiwa kubwa sana. nextprime(10^100) inakuletea tasa ya kwanza baada ya moja yenye sifuri mia, ambayo ni 10^100 + 267, na haichelewi. Kuvunja namba ndiko kugumu. Ukiipa zao la tasa mbili zenye tarakimu mia na ishirini na kitu kila moja, itakaa kimya na itaendelea kukaa kimya. Namba ya namna hiyo, RSA-250, ilivunjwa Februari 2020 na watafiti waliotumia kompyuta nyingi kwa pamoja, kazi inayokadiriwa kuwa sawa na kiini kimoja cha prosesa kufanya kazi miaka 2,700 hivi. Kwa hiyo usidhani programu imeharibika. Bonyeza Ctrl+C, itaacha, nawe uendelee na swali jingine. Ule mwachano wa miaka 27 kati ya Lucas aliyejua namba inavunjika na Cole aliyeonyesha vipande bado uko nasi, umehamia tu kwenye namba kubwa zaidi.

Kuhusu kuipata: kwa Windows kuna faili moja la kupakua na kulifungua, na wanaotumia Linux wanaikuta kwenye hazina ya programu zao. Kwenye simu za Android ipo kwa jina la PariDroid. Asiyetaka kusakinisha chochote anaweza kuiendesha ndani ya kivinjari kupitia tovuti ya mradi, ila hapo utahitaji intaneti ya kuifungulia. Mimi kwa darasani nachagua ya kompyuta, kwa sababu kwenye simu alama ya kipeo imefichwa kurasa za nyuma za kibodi, na wanafunzi wenyewe hawaruhusiwi simu shuleni. Ya simu inanifaa jioni nikiandaa maswali.

Kama unataka swali la kuanzia lisilotisha, anza na 12345678987654321. Kila mtoto anaipenda kwa sura yake. factor inatoa 3^4, 37^2 na 333667^2. Waulize kwa nini vipeo vyote ni shufwa kabla hujaandika sqrtint na kuwatolea 111111111. Kisha numdiv inatoa 45, na unawauliza kwa nini idadi ya vigawo ni witiri wakati vigawo huenda jozi jozi. Kwa kawaida kuna mmoja nyuma ya darasa ambaye hajasema neno wiki nzima, na yeye ndiye atakayejibu kwamba 111111111 imejioa yenyewe.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu iliyobaki ni ya lugha. Leseni inaruhusu kutafsiri, kwa hiyo nimeanza kuandaa maelezo mafupi ya Kiswahili ya amri zinazohitajika sekondari: factor, isprime, numdiv, sigma, gcd, lcm, na alama ya baki. Mwalimu anayetaka kusaidia kwenye istilahi, hasa za hesabu za baki ambako vitabu vyetu havijakubaliana, ajitokeze, maana hapo ndipo nilipokwama kwa sasa.